Fundi wa Friji: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Ada

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi wanaofikiria mafunzo ya ufundi mjini Kampala. Tumeyachapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Wengi wenu mnauliza habari za kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi huko Makindye, kusini mwa Kampala. Kila mara mnaanza na swali moja: ada ni kiasi gani? Ada ni sehemu tu ya gharama. Ulizeni pia: nitatumia kiasi gani mpaka kazi ianze kunilisha, na pesa hiyo itarudi lini?

Kwanza, ijueni kazi yenyewe. Kampala iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hakuna baridi ya kulazimu nyumba zipashwe moto, wala joto la kumfanya kila mtu anunue kiyoyozi. Viyoyozi viko zaidi kwenye hoteli, benki na maofisi makubwa. Riziki ya fundi anayeanza iko kwenye friji: za bucha, za maduka ya soda, za baa za Kabalagala, za wauza samaki wa Ggaba kando ya ziwa. Hospitali nazo zina friji, kwa kuwa chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini hawamkabidhi kazi hiyo mtu asiye na cheti.

Pili, zijueni haki zenu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini mgawo wa chakula na kipande cha shamba viko huku kambini. Anayehamia mjini hujitegemea. Kwa hiyo, kile unachokiacha huku nacho ni gharama. Kiandikeni.

Tatu, tupige hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake baada ya kuulizia.

Ada ya miezi 6: shilingi 900,000
Chumba, 100,000 kwa mwezi: 600,000
Chakula na nauli, 150,000 kwa mwezi: 900,000
Vifaa vya kuanzia: 800,000
Jumla: 3,200,000

Angalieni, ada haifiki hata theluthi moja ya jumla. Na msisahau vifaa. Fundi asiye na geji za gesi, pampu ya kuvuta hewa, mita ya umeme na kifaa cha kuchomelea mabomba ya shaba atabaki kubeba mkoba wa fundi mwingine, hata akiwa na cheti.

Sasa tuseme kila friji inakuachia shilingi 40,000 baada ya kununua gesi na vipuri. Ukitengeneza 8 kwa mwezi unapata 320,000. Mtu atasema, "Miezi kumi tu, deni limekwisha!" Hapana. Bado unakula na kulipa chumba, 250,000 kila mwezi. Kinachobaki ni 70,000, na deni litachukua karibu miaka minne. Ukipata friji 15 kwa mwezi, kinabaki 350,000, na deni linakwisha kwa miezi tisa au kumi. Kazi ni ileile na ada ni ileile. Tofauti ni wateja. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, zungukeni mtaa mnaokusudia kufanyia kazi. Hesabuni friji, na hesabuni mafundi waliokwisha kuwako.

Nne, kuna njia za kupunguza gharama. Kijana anaweza kuanza kama mwanagenzi kwa fundi, ajue kama mikono yake inaiweza kazi, ndipo alipie shule. Watatu wanaweza kununua pampu moja na kuitumia kwa zamu. Aliyekwisha kujua umeme wa nyumba ana nafuu, maana friji nyingi huharibika upande wa umeme, na huko hahitaji gesi.

Tano, chagueni shule kwa kuuliza maswali haya:

1. Je, wanafunzi huandikishwa kwa mtihani wa serikali?
2. Kila mwanafunzi hushika vifaa mwenyewe, au wengi humtazama mwalimu?
3. Wanafundisha gesi zipi?

Swali la tatu ni zito. Gesi ya R-12 iliondolewa na dunia mwaka 2010 kwa sababu iliharibu tabaka la ozoni. R-22 nayo inaondolewa hatua kwa hatua, lengo likiwa mwaka 2030. Mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 yanapunguza R-134a. Friji mpya nyingi zina R-600a, ambayo hushika moto. Asiyefundishwa kuishika anaweza kuungua yeye na mwenye duka. Shule inayofundisha gesi za zamani peke yake inawauzia ujuzi unaokaribia mwisho.

Hatuwaambii muende wala msiende. Wako watakaopata riziki nzuri kwa kazi hii. Lakini kwa familia nyingi, ada hiyo ni mbuzi wote waliobaki, au akiba ya miaka. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, andikeni, kisha mkae kama familia na kuamua.