Tuyatambue Maua Yastahimiliyo Ukame Kabla ya Kuyapanda

Hotuba ya afisa ugani kwa wananchi wa Kikatiti



Huku kwetu, upande wa chini wa Mlima Meru, kiangazi hukausha nyua zetu hadi vumbi likaingia ndani ya nyumba. Ndiyo maana wengi wenu mmependa maua yenye majani manene yahifadhiyo maji. Hufunika udongo, hupunguza mmomonyoko, wala hayadai ndoo ya maji kila jioni. Nawapongeza. Hata hivyo, miche hiyo hupeanwa mkono kwa mkono bila jina, nayo hufanana. Leo tutofautishe miwili.

Wa kwanza ni Portulaca grandiflora, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Hutambaa chini, na majani yake ni membamba ya mviringo mfano wa vijiti. Maua yake huelekea juu, hufunguka juani na kujifunga jioni. Huu upandeni, ingawa si lishe ya mifugo.

Wa pili ni Bryophyllum delagoense, uliotoka Madagaska. Majani yake nayo ni mfano wa vijiti, lakini yana rangi ya kijivu yenye madoa meusi, na kwenye ncha huota vichipukizi vidogo. Shina lake husimama wima, na maua mekundu huning'inia kileleni kama kengele. Mmea huu una sumu idhuruyo moyo, na maua ndiyo yenye sumu kali zaidi. Nchini Australia, mwaka 1997, ng'ombe 125 walikufa baada ya kuula.

Ng'ombe wa maziwa aliye bandani hachagui malisho, hula tulichomkatia. Wakati wa kiangazi, tukatapo majani kandokando ya barabara na mitaro, tuyakague kabla ya kuyaweka horini.

Mkiukuta mmea huu, ung'oeni kabla haujachanua. Okoteni kila jani na kila kichipukizi, mkaushe, kisha mchome. Msiutupe mtaroni, kwani kichipukizi kimoja hutosha kuanzisha mmea mpya.

Mwenye shaka na ua lolote alilonalo asilipande kwanza. Aje na tawi lake kwa afisa ugani, tulitazame pamoja. Uzuri wa uwanja usitugharimu ng'ombe anayesomesha watoto wetu.