Kabla ya Kwenda Kazi Ng'ambo



Wako vijana wa pande hizi za Mlima Kenya waendao Uarabuni kutumika majumbani. Katika nchi kadhaa za huko, mtumishi hufungwa na mwajiri mmoja aliyemdhamini; akidhulumiwa, ni vigumu kwake kuondoka. Kwa hiyo yafaa ulinzi wake uanze hapa nyumbani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza kwamba mkataba wa kazi ya nchi za nje utiwe sahihi na pande zote mbili, kisha uthibitishwe na Afisa wa Kazi. Afisa huyo hana budi kuhakikisha kuwa mtu amekubali kwa hiari yake, wala hakudanganywa. Wazazi, msiuze ng'ombe ili kumlipa wakala kabla hamjauona mkataba huo. Nakala yake ibaki nyumbani.

Tena, mtu akikamatwa ugenini, Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963 yampa haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Aitake bila kuogopa.

Basi, kabla ya kupanda gari la Nairobi, piteni kwanza kwa Afisa wa Kazi.