Askari Mgodini, Mnunuzi Mjini: Siasa za Kudhibiti Uchimbaji Mdogo wa Dhahabu Usio Halali



1. Utangulizi

Serikali nyingi za Afrika zenye dhahabu zimewahi kutangaza vita dhidi ya wachimbaji wasio na leseni, na nyingi kati yake zimelazimika kuitangaza upya baada ya miaka michache. Mada hii inauliza kwa nini. Hoja yangu ni kwamba udhibiti umezoea kuanza na mwenye sululu, kwa kuwa ndiye anayeonekana na ndiye asiye na wa kumtetea. Dhahabu yenyewe hufuata mambo mawili ambayo hayamo mikononi mwake: ardhi na bei. Serikali inayogusa mawili hayo hupata matokeo. Inayopeleka askari hupata picha za gazetini. Nitaeleza zaidi habari za Tanzania, kisha nitapita Ghana na Uganda kwa ajili ya kulinganisha.

2. Nani hasa yuko nje ya sheria?

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa Mtanzania nafasi ya kuomba leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo wachimbaji huiita PML. Leseni hiyo hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa karatasi, sheria inamwona mtu mmoja: mwenye leseni. Ukifika machimboni unakuta watu wengi. Yupo mwenye shamba, yupo mwenye duara aliyegharimia kuchimba shimo, wapo vijana wanaoshuka chini, wapo wenye karasha, wapo akina mama wanaoponda na kuchekecha mawe, yupo mwenye mwalo, na yupo mnunuzi.

Tuifuate gramu moja ya dhahabu. Mawe hupandishwa kwa viroba na kugawanywa pale pale mdomoni mwa duara: fungu la mwenye leseni, la mwenye shamba, la mwenye duara, na linalobaki ni la vijana. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa kizito, kisha mashapo huchanganywa na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu. Donge hukamuliwa kwa kipande cha nguo na kuchomwa juu ya mkaa, moshi ukifuka usoni mwa mtu. Mchanga uliobaki, yaani marudio, huwa mali ya mwenye mwalo, ambaye ataupeleka kwenye mtambo wa sayanaidi na mara nyingi kupata zaidi ya aliyechimba.

Hapo ndipo mnunuzi anapotoa mizani yake. Mara nyingi si mgeni. Ndiye aliyetoa unga wa kula, mafuta ya jenereta na fedha za magogo ya kuegemezea duara, kwa makubaliano kwamba dhahabu itauzwa kwake kwa bei atakayotaja yeye. Askari wakivamia siku hiyo, watakaokamatwa ni vijana wenye matope. Mnunuzi yuko mjini, na huenda ana leseni halali ya biashara ya madini.

3. Ardhi: nani alitangulia?

Katika Kanda ya Ziwa na maeneo jirani wachimbaji wadogo walitangulia kampuni kubwa katika maeneo mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, uchumi ulipofunguliwa, maelfu walimiminika Kahama, Geita na Nzega. Ndipo sera ilipogeuka kuelekea mitaji ya nje, na Sheria ya Madini ya 1998 ikaweka msingi wa migodi mikubwa iliyofuata, kuanzia Golden Pride ya Nzega hadi Geita na North Mara.

Bulyanhulu ndiyo sura inayoumiza zaidi katika historia hiyo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu ili kupisha kampuni iliyokuwa na leseni. Yalitolewa madai mazito kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni, nayo Serikali ikakanusha. Wanasheria wa LEAT, shirika la kutetea mazingira, waliodai uchunguzi huru walijikuta wakikabiliwa na mashtaka ya uchochezi. Lolote tunaloamini kuhusu tukio lile, jambo moja halina ubishi: watu waliolala wakiwa wachimbaji waliamka wakiwa wavamizi, na kilichobadilika ni jina lililoandikwa kwenye leseni.

Mtu wa namna hiyo hawezi kushawishiwa kwa mabango ya kumtaka aheshimu sheria. Atauliza eneo lake liko wapi. Akiambiwa maeneo yote mazuri yamo ndani ya leseni za utafiti, nyingine zikimilikiwa na watu wanaosubiri kuziuza bila kuchoronga hata shimo moja, atarudi usiku.

4. Bei: somo la 1990 na la 2019

Kabla ya 1990 dhahabu nyingi ya Tanzania iliondoka kwa magendo, kwa sababu bei rasmi ilifuata thamani ya shilingi ambayo mtaani hakuna aliyeiamini. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kupitia mabenki ya biashara kwa bei iliyokaribia ile ya mtaani, na ununuzi rasmi ukapanda ghafla. Hakuna operesheni iliyofanya kazi hiyo. Wachimbaji walikuwa wale wale na mashimo yale yale.

Somo hilo lilisahaulika. Marekebisho ya sheria ya 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ukiweka juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 5 na ushuru wa halmashauri, makato yaliyoandikwa yalizidi asilimia 30. Kwa mchimbaji, kuuza kihalali kulimaanisha kutoa karibu theluthi ya jasho lake, wakati mtu wa magendo alilipa taslimu pale pale.

Januari 2019 mambo mawili yalitokea. Polisi wanane walikamatwa mkoani Mwanza wakituhumiwa kusindikiza shehena ya dhahabu ya magendo ya zaidi ya kilo 300, badala ya kuizuia. Mwezi huo huo Rais John Magufuli aliwakutanisha wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam, akawasikiliza, na wiki chache baadaye kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio zikaondolewa kwao. Machi 2019 soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita, na mikoa mingine ikafuata. Mchimbaji sasa aliweza kuona bei ya dunia ukutani, kupimiwa mbele ya Afisa Madini na kulipwa. Tangu hapo mchango wa wachimbaji wadogo katika mapato yatokanayo na madini umepanda sana.

Ghana ilijifunza hayo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 2019 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mauzo rasmi yakaporomoka. Ikaishusha hadi asilimia 1.5 mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaifuta kabisa na kuunda GoldBod, chombo cha kununua dhahabu hiyo.

5. Operesheni: kwa nini siasa huipenda, na gharama yake

Kwanza, operesheni huonekana. Waziri huweza kwenda na kamera. Kupitia upya leseni au kumbana mnunuzi anayefadhili uchimbaji hakuna picha, na mfadhili huyo mara nyingi ana marafiki.

Pili, wachimbaji ni wapiga kura, kwa hiyo operesheni haidumu. Mwaka 2017 Rais Nana Akufo-Addo wa Ghana alisema yuko tayari kuuweka rehani urais wake katika vita hii. Alisimamisha uchimbaji mdogo wote, wenye leseni na wasio nayo, na kupeleka wanajeshi na polisi kupitia Operesheni Vanguard. Zuio lilidumu hadi Desemba 2018. Wenye leseni waliumia kwa kosa lisilo lao, mito ya Pra na Ankobra iliendelea kuchafuka, na katika uchaguzi wa 2020 chama chake kilipoteza viti katika maeneo ya uchimbaji. Baada ya hapo nguvu ikawa ya kupanda na kushuka kwa kalenda ya kisiasa. Mchimbaji huisoma kalenda hiyo vizuri kuliko tunavyodhani.

Tatu, operesheni huvunja kile kilichoanza kujengwa. Agosti 2017 jeshi la Uganda liliwaondoa maelfu ya wachimbaji Mubende, wakiwemo waliokwisha kujiunga katika vyama na kuomba leseni. Ujumbe waliobaki nao ni kwamba kujiandikisha hakuna faida.

6. Soko peke yake halitoshi

Nisieleweke kwamba bei nzuri inatibu kila kitu. Soko huingiza dhahabu kwenye vitabu. Halimwingizi mchimbaji kwenye usalama. Januari 2024, katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, zaidi ya watu 20 walifukiwa na kifusi wakati wa mvua. Eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu za usalama, nao wakaingia. Zebaki nayo inaendelea kuchomwa wazi, ingawa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Bei ikipanda, watu huchimba zaidi na huchimba hata penye hatari. Kwa hiyo kadiri soko linavyofanikiwa, ndivyo mkaguzi wa migodi anavyohitajika zaidi, tena mkaguzi mwenye gari, mafuta na mamlaka ya kufundisha kabla ya kufunga.

7. Mapendekezo

(a) Leseni za utafiti zisizofanyiwa kazi zirejeshwe serikalini kwa wakati, na sehemu yake itengwe kwa vikundi vya wachimbaji waliopo tayari katika eneo husika.

(b) Taarifa za jiolojia ziwafikie wachimbaji wadogo. Hadi mwaka 2023 utafiti wa kina wa anga ulikuwa umefikia asilimia 16 tu ya nchi. Anayechimba kwa kubahatisha hukata miti na kutoboa ardhi bure.

(c) Makato yasiongezwe bila kupima kwanza athari yake katika mauzo ya masoko ya madini.

(d) Upelelezi uelekezwe kwa wafadhili na wasafirishaji. Ripoti ya operesheni yoyote itaje ni wanunuzi wangapi walioshtakiwa, si vijana wangapi waliofukuzwa.

(e) Mikataba kati ya mwenye leseni, mwenye duara na vijana iandikwe na kusajiliwa kwa Afisa Madini, ili anayeshuka chini awe na haki anayoweza kuidai.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, Serikali imeshathibitisha mara mbili, 1990 na 2019, kwamba inaweza kuirudisha dhahabu kwenye mkondo halali bila kurusha bomu la machozi. Kilichobaki ni kigumu zaidi kisiasa, kwa sababu kinagusa leseni za wenye nafasi na fedha za wenye majina. Naomba semina hii isimalizike kwa azimio jingine la kulaani wachimbaji haramu. Iazimie kudai orodha ya leseni zilizolala, mkoa kwa mkoa, na majina ya wanaozimiliki.