Kupanda Mlima kwa Ajili ya Wenye Shida

(Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mlima Kilimanjaro hauhitaji kutambulishwa kwa watu wa ushirika. Kahawa iliyouzwa kwa pamoja tangu chama kikuu cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933 iliota katika udongo wa mlima huo, na mashamba yake yalinyweshwa kwa mifereji itokayo msituni mwake. Hata hivyo, kwa muda mrefu mkulima wa Marangu au Machame aliitazama theluji ya Kibo kama jambo la juu lisilomhusu. Waliopanda walikuwa wageni, na wenyeji waliofuatana nao walikwenda aghalabu wakiwa wamejitwika mizigo yao. Ilipofika Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge juu kabisa, na kilele hicho chenye mita 5,895 kikapata jina la Uhuru. Lakini hata baada ya hapo wananchi waliofika huko kwa hiari yao, bila mzigo wa mtu mwingine mgongoni, walikuwa wachache.

Katika miaka ya karibuni imezuka desturi nyingine. Wafanyakazi wa mahali pamoja, iwe ni mgodini, benki au ofisini, huunda kikosi, huomba ahadi za fedha kwa jamaa na washirika wao wa kazi, kisha huupanda mlima. Na fedha zilizoahidiwa hupelekwa kwa yatima, wagonjwa au wanafunzi. Katibu anayeletewa barua ya kuomba chama chake kichangie safari ya namna hiyo, au kitoe wapandaji wake, ana haki ya kujua shughuli yenyewe inavyokwenda kabla hajaipeleka kwenye Bodi.

Mfano unaostahili kuangaliwa ni ule wa Mgodi wa Dhahabu wa Geita. Mwaka 2002 mgodi huo ulianzisha safari ya kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI, na baadaye ukaiendesha kwa pamoja na Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyeijua Geita. Penye mgodi hukusanyika vijana walioacha wake zao mbali, fedha zipo mkononi, na magonjwa hufuata njia hiyo hiyo ya fedha. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 hadi 2004 ulikuta kwamba watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania Bara walikuwa na virusi, na dawa za kupunguza makali zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuingizwa katika hospitali za umma. Safari ile ikaendelea kurudiwa, wengine wakipanda kwa miguu na wengine wakiuzunguka mlima kwa baiskeli. Miongoni mwa waliosaidiwa ni watoto wa kituo cha yatima cha Moyo wa Huruma, huko huko Geita.

Mambo mawili yanaonekana kuwa ndiyo nguvu ya mpango ule. La kwanza, fedha zilikuwa na shabaha moja inayotajika, wala si «maendeleo ya jamii» kwa jumla, maneno ambayo yanaweza kufunika chochote. La pili, chombo cha nje ya mwajiri kilihusishwa, kikiwa na wajibu wa kisheria juu ya jambo lile lile linalochangiwa.

Mzee mmoja katika mkutano wa chama chochote anaweza kuuliza, na swali lake ni la haki: ikiwa nia ni kuwasaidia yatima, kwa nini gharama ya safari isitolewe kwao moja kwa moja, watu wakabaki nyumbani na miguu yao mizima? Swali hili halijibiwi kwa maneno matamu. Hujibiwa kwa hesabu.

Ichukuliwe hesabu ya kubuni. Kikosi cha watu kumi kinakusanya ahadi za shilingi 20,000,000. Kiingilio cha Hifadhi, waongozaji, wapagazi, mpishi, chakula, magari na nguo za baridi za kukodi vinakula shilingi 12,000,000. Yatima wanapata shilingi 8,000,000. Aliyechangia shilingi 10,000 akidhani amemnunulia mtoto madaftari, kumbe shilingi 6,000 katika hizo zimempeleka karani wa ofisi kileleni kupiga picha. Hapo mzee aliyeuliza ameshinda. Lakini hesabu ikipangwa namna nyingine, mambo hugeuka: gharama ya safari ilipwe na wapandaji wenyewe au na mwajiri, iwekwe katika akaunti yake peke yake, na kila senti ya mchango iingie katika akaunti nyingine ambayo haitoi fedha ila kwa yule aliyekusudiwa. Tena kuna waajiri wanaokubali kuongeza shilingi moja kwa kila shilingi iliyochangwa na wafanyakazi, na kwa njia hiyo safari huvuta fedha ambazo bila ya mlima zisingetoka. Daftari mbili, stakabadhi za aina mbili, na wakaguzi wasiokuwa miongoni mwa wapandaji: kazi hii Katibu wa chama cha msingi anaijua kuliko mtu yeyote.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni hiari. Mchango unaokatwa kwenye mshahara kwa sababu meneja amepita na karatasi mezani, huku akimtazama kila mmoja usoni, si mchango. Kwa upande wa vyama vya mazao hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa makato hupita katika malipo ya mkulima, na mkulima amekwisha kuona makato ya kila jina. Msingi wa saba wa ushirika, uliotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, unavitaka vyama kujali jamii zinazovizunguka. Lakini msingi huo huo unasema kwamba hilo lifanywe kwa sera zilizokubaliwa na wanachama. Basi fedha ya chama haiendi mlimani wala kwa yatima mpaka Mkutano Mkuu umeiona katika makisio na kuipitisha. Mwanachama anayetaka kutoa chake binafsi, atoe, na apewe stakabadhi yake.

Sasa mlima wenyewe. Kwa njia ya Marangu msafiri huanzia langoni, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, akalala Mandara kwenye mita 2,700 hivi, kisha Horombo kwenye 3,700, kisha Kibo kwenye 4,700. Kutoka hapo huamshwa karibu na usiku wa manane, akapanda changarawe zilizoganda kwa baridi, na asubuhi, akijaliwa, huwa yuko juu. Pale juu msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni ambayo mwili umezoea. Mtu mwenye nguvu za kubeba gunia hushangaa kujiona anapumzika kila baada ya hatua kumi. Kichwa huuma, chakula hakiliki, usingizi haupatikani. Hayo ni ya kawaida. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuzungumza ovyo, au kukohoa povu na kushindwa kupumua hata akiwa amekaa, basi ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji, na dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana.

Hapa ndipo safari za hisani zinapokuwa na hatari ambayo safari nyingine hazina. Mpandaji aliyeahidiwa fedha kwa sharti la kufika kileleni huficha maumivu yake, maana anaona kwamba akirudi, yatima watakosa. Vivyo hivyo mfanyakazi mdogo aliye katika kikosi kimoja na mkubwa wake wa kazi huona haya kusema, «Mzee, nimeshindwa,» na mkubwa naye, aliyezoea kuamrisha, huona haya kusema hivyo mbele ya wadogo zake. Kwa sababu hiyo yafaa mambo haya yaandikwe kabla ya kuondoka: ahadi zilipwe kwa kila aliyeanza safari, awe amefika au hakufika, na kuanzia langoni cheo cha ofisini kikome, amri ibaki kwa mwongozaji wa mlima peke yake. Siku nazo zisipunguzwe kwa ajili ya kubana matumizi. Siku moja ya ziada ya kupumzika Horombo, mwili ukizoea hewa, ni fedha iliyotumika vizuri, na wanaopanda kwa siku sita hufika kwa wingi kuliko wanaokimbilia kumaliza kwa siku tano. Wenye maradhi ya moyo, pumu, au ujauzito wamwone daktari kwanza, na jibu lake lisijadiliwe na kamati.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na hakuna mahali ambapo msemo huo unaonekana kwa macho kama katika njia za Kilimanjaro. Kila mpandaji mmoja hufuatwa na wapagazi wawili au watatu waliobeba hema, sufuria, mafuta ya taa na vyakula vyake. Kanuni za Hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hupimwa kwenye mzani langoni. Lakini mzani haupimi viatu vilivyotoboka wala blanketi moja la kulalia kwenye baridi ya kugandisha maji. Wengi wa vijana hao ni watoto wa wakulima wa kahawa wa miteremko hiyo hiyo, wengine wakipagaa kwa sababu kihamba kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena. Kikosi kinachokusanya fedha za maskini kwa kumpunja maskini anayekibebea chakula kimefanya kioja. Kabla ya kutia sahihi mkataba na kampuni ya utalii, wenye safari waulize ujira wa mpagazi kwa siku ni kiasi gani, anakula mara ngapi, analala wapi; na bahashishi ikabidhiwe kila mtu mkononi mwake, mbele ya wenzake, wala isipitie kwa mtu wa kati.

Si lazima, hata hivyo, chama kidogo kitamani Uhuru. Ipo milima mingine, Hanang na Rungwe, na vilima vya Usambara na Uluguru, ambayo wanachama wanaweza kuipanda na kurudi bila gharama kubwa. Hata Kilimanjaro yenyewe huruhusu safari ya kutwa. Kikosi kikitoka Marangu asubuhi, kikiwa na mwongozaji na kimelipa kiingilio cha siku moja, hupita msituni katikati ya mbega na mikangaga, kikafika Mandara mchana. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, ambako siku isiyo na mawingu tambarare za Kenya huonekana zimelala chini. Jioni watu wamekwisha rudi langoni. Gharama ni nauli ya basi moja, kiingilio, ujira wa mwongozaji na chakula cha mchana, na hizo wapandaji wanaweza kujilipia wenyewe.