Tukikata plagi ya ampli, tunakata nini?

Mazungumzo kwa mkutano wa wanachama



Kamati imeniomba niseme juu ya ampli na bafle. Labda mtu anajiuliza, mambo ya muziki yanaingiaje katika kazi ya chama? Tuangalie tulivyorudi navyo kutoka Tanzania: magodoro, sufuria, na kwa wengine radio ama ampli. Ile ampli ndiyo inapigia kwaya kanisani, ndiyo inakodishwa kwenye harusi na matanga, ndiyo inalipa minervali ya watoto. Ni mali. Na mali hiyo inaweza kuua mtu.

Shida inaanzia kwenye plagi. Kule Tanzania plagi nyingi ziko na meno matatu bapa, mtindo wa Kiingereza. Hapa Congo prizi zetu ni za matundu mawili ya mviringo. Mtu anafika nyumbani, plagi haiingii. Anachukua kisu, anakata, anaunga nyaya mbili, na ule waya wa tatu wa kijani na manjano anaukunja pembeni. Muziki unalia, kila mtu anafurahi.

Lakini hapo amefukuza walinzi wawili. Wa kwanza ni fyuzi, wengine hapa wanasema fizibli, iliyokuwa ndani ya plagi yenyewe. Kazi yake ni kukata umeme kabla kamba haijawaka. Wa pili ni ule waya wa kijani na manjano, waya wa ardhi. Umefungwa kwenye bati la ampli. Umeme ukivuja ndani na kugusa bati, waya huo unaupeleka ardhini badala ya kuupitisha katika mwili wako.

Mlinzi huyo akiondoka, bati linaweza kubaki na volti 220 na ampli ikaendelea kuimba vizuri kabisa. Hakuna dalili. Na maikrofoni ya chuma, kupitia kamba yake, imeungana na bati lile. Sasa mama wa kwaya anaishika, yuko miguu wazi, sakafu imelowa mvua. Waya wa ardhi ni yeye.

Vijana wengine wanasema, "Basi tuunge ule waya wa tatu pamoja na waya wa nyutro ndani ya ampli." Hapana! Plagi ya meno mawili ya mviringo inaweza kuingia kwa upande wowote. Ukiigeuza, ule uliouita nyutro ndio unabeba umeme, na bati zima linakuwa na umeme kwa mkono wako mwenyewe.

Ziko ampli zenye kamba ya nyaya mbili tangu kiwandani, na nyuma zina alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zimetengenezwa na kinga mara mbili, hazihitaji ardhi. Usizihangaikie, ila usizifungue ovyo.

Sasa tuingie ndani. Fyuzi ya ampli ikikatika, wengi wanaweka uzi wa waya wa shaba. Tufanye hesabu. Ampli inayokula wati 200 inavuta chini ya ampea 1. Uzi mmoja mwembamba wa shaba, wa milimita 0.2, unahitaji kama ampea 7 ndipo uyeyuke. Ukisokota nyuzi tatu, transfoma itaungua kwanza, halafu meza, halafu nyumba.

Na mara nyingi fyuzi inakatika bure kwa sababu ya herufi moja tu. Iliyoandikwa T ni ya polepole, iliyoandikwa F ni ya haraka. Ampli yenye transfoma kubwa inavuta umeme mwingi kwa nukta ndogo wakati wa kuwashwa, kwa hiyo inataka T. Mtu anaweka F, inakatika leo, inakatika kesho, anachoka, anaweka waya. Soma namba na herufi karibu na kiti cha fyuzi, weka ile ile.

Kwa mafundi wetu vijana: kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. Katika mashine zenye pawasaplai nyepesi zisizo na transfoma nzito, kapasita ya upande wa prizi inafikia volti 310. Pima kwanza kwa mita. Usiiguse kwa bisibisi ili ipige cheche. Itoe umeme polepole kupitia rezista, halafu pima tena.

Ninaomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja, ampli ya chama isikodishwe tena mpaka irudishiwe waya wake wa ardhi. Mbili, pahali tunapokutania pachimbiwe fimbo ya ardhi, na pawekwe disjonkta diferensiali ya miliampea 30. Vyote viwili, kwa sababu fimbo peke yake haitoshi. Udongo ukiwa mkavu unapitisha ampea chache tu, fyuzi kubwa ya nyumba haitashituka. Disjonkta ile inaona hata uvujaji mdogo na kukata mara moja. Tatu, karakana ya vijana ipate mita mbili na boksi la fyuzi za T na F.

Kwa wafadhili wetu: hatuombi mashine mpya. Mashine tunazo, tulizibeba wenyewe. Tunaomba vile vitu vidogo vinavyoifanya kazi hii isizae matanga.

Na wewe mwanachama, kabla ya mkesha wa wiki hii, geuza ampli yako, angalia kamba. Ukiona waya wa kijani na manjano umekatwa, usiiwashe. Ilete kwa mafundi wetu kwanza.