Nusu Kilomita Mbele Yako

(Haya ni mazungumzo ya dereva mstaafu wa mabasi mbele ya madereva wa matatu, malori, tuk-tuk na boda boda katika kikao cha usalama barabarani, Kaunti ya Kilifi. Tumeyachapisha kama alivyoyasema, tukipunguza machache tu.)

Nyinyi vijana mlioingia bila kuniamkia, nawasamehe. Naona mlikuwa mnatafuta mahali pa kuegesha pikipiki.

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, nami nitajitahidi nisizipite, maana nimeitwa hapa kuzungumza juu ya kupita. Nyinyi mnasema kuovateki. Ni jambo lile lile.

Nilishika usukani wa basi kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991. Vijana wengi hapa hamkuiona ile feri. Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, mawazo yako yote yalikuwa kwenye feri: nikifika nitakuta magari mangapi? Kwa hiyo kila dereva alitaka kufika kivukoni kabla ya mwenzake.

Siku moja, alasiri, nilikuwa nyuma ya lori la chumvi lililotoka Gongoni. Limejaa, linakwenda pole pole. Abiria wakaanza kunung'unika. Kati ya Gede na Kilifi, mahali barabara inapoinama kidogo halafu ikapanda tena, nikachungulia, sikuona gari. Nikachomoka. Nilipofika ubavuni mwa lori, baiskeli ikaibuka kutoka kwenye ule mwinamo. Alikuwa mgema na madumu yake mawili ya tembo. Alikuwa upande wake kabisa, hana kosa lolote. Akajitupa kichakani yeye na baiskeli yake.

Sikusimama. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliona kwenye kioo watu wakikimbia kumwinua, nikajiambia ni mzima, nikakanyaga mafuta.

Nilipofika kivukoni, feri ilikuwa ng'ambo. Nikazima injini. Kabla haijarudi, lile lori la chumvi likaja likasimama nyuma yangu, dereva wake akashuka, akanunua korosho, akaja kusimama kivulini karibu na basi langu. Hakuniambia neno. Tukavuka pamoja, feri moja.

Siku ya tatu nikiwa kwenye foleni pale pale, akaja mtu mkono umefungwa shingoni. Alivunjika mtulinga. Wenyeji wa hapa mnajua, mgema ambaye mkono wake haufanyi kazi hapandi mnazi, na asipopanda mnazi nyumbani hakuliki. Nilidhani amekuja kudai pesa au kunileta kwa polisi. Akaniangalia tu, kisha akauliza: "Ulikuwa unawahi nini?" Nilimlipa, tena si mara moja, lakini lile swali sikulijibu.

Sasa niwape hesabu ambayo mimi sikufundishwa na mtu wakati ule. Lori la trela linakwenda kilomita 60 kwa saa, wewe na gari lako dogo unakwenda 80. Tofauti yenu ni 20 tu, yaani mita tano na nusu hivi kwa kila sekunde. Trela lina urefu wa kama mita 17. Ongeza nafasi uliyoacha nyuma yake, ongeza urefu wa gari lako, ongeza nafasi ya kurudi mbele yake bila kumbana. Jumla ni kama mita 60 unazotakiwa kumzidi. Hizo zitakuchukua sekunde 11. Na ndani ya sekunde 11, ukiwa kwenye 80, utakuwa umetembea mita 240 upande usio wako. Anayekuja mbele naye, kama yuko kwenye 80, amekula mita 240 zake. Jumlisheni. Ni karibu nusu kilomita, yaani viwanja vitano vya mpira vimepangwa kwa urefu, vyote uvione wazi, na hapo bado hatujaweka akiba. Basi refu linataka zaidi.

Halafu angalieni kinachotokea lori likiwa linakwenda 70 badala ya 60. Wewe wa matatu una kidhibiti mwendo cha 80. Tofauti imebaki 10. Muda unakuwa mara mbili, na nafasi inakaribia kilomita nzima. Niambieni, nyinyi mnaoijua barabara hii, kutoka Mtwapa mpaka Malindi ni wapi unaiona kilomita nzima bila kona, bila mwinamo, bila mwembe na watu chini yake? Huyo mtu wa 70 mwacheni aende. Mnatofautiana dakika chache tu mpaka Kilifi.

Najua kuna kijana anajisemea moyoni: basi si afadhali nikanyage 100 nimalize haraka? Hesabu inamkubalia kidogo, sitamdanganya, atamaliza mapema. Lakini gari la abiria sheria imelipa 80, na tangu zile kanuni za marehemu Michuki za mwaka 2004 gari la abiria linatakiwa liwe na kidhibiti mwendo. Na tuseme una gari lako binafsi, huna kidhibiti. Siku ukikosea utahitaji breki. Kwenye lami kavu, breki nzima na dereva aliye macho, gari la 80 linasimama kwa mita 57 hivi tangu uone hatari. La 100 linataka zaidi ya mita 80. Mwendo umeongezeka kwa robo, nafasi ya kusimama imeongezeka karibu nusu. Na hapo sijazungumzia matairi yaliyolika wala mvua ya kwanza ya masika, ile inayochanganyika na vumbi na mafuta ya lami mpaka barabara inateleza kama imepakwa sabuni.

Jambo jingine ni indiketa za madereva wa malori, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Sote tunaijua lugha yake. Mwenye lori akiwasha ya kulia anakuambia subiri, mbele kuna gari. Akiwasha ya kushoto anakuambia pita. Ni wema, na mimi wamenisaidia mara nyingi. Lakini lugha hiyo haimo kwenye sheria. Kwa sheria, ya kulia maana yake nageuka kulia. Unatoka Kilifi, umefika Gede, lori lililo mbele yako limewasha ya kulia. Anakuambia usubiri, au anaingia Watamu? Ukichomoka wakati huo utakutana na ubavu wake. Na ya kushoto nayo, pengine hakuiti upite. Ameona duka, anataka kununua maji. Macho ya mwenzako ni ya kwake. Yeye yuko juu, anaona gari kubwa linalokuja, lakini hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na pengine pikipiki wala hakuihesabu. Alama yake ichukue kama habari tu. Uamuzi ufanye kwa macho yako, na kama huoni, kaa.

Kuna wale wanaopita kwa kufuata mkia. Wa kwanza amechungulia, akaona nafasi yake, akaenda. Wa pili haoni kitu ila buti ya wa kwanza, naye anakwenda. Wa kwanza akirudi upande wake, pazia linafunguka, na wa pili yuko peke yake katikati ya barabara na basi la Lamu mbele yake. Nimezika rafiki namna hiyo. Sitaki kuendelea na hilo.

Na wewe unayepitwa, kwa nini unaongeza mwendo? Mwenzako akishatoka, punguza kidogo, mpe nafasi. Akipata ajali hapo mbele, nawe umo ndani yake.

Vijana wa boda boda, msidhani mmepona leo. Mnapita kushoto, kwenye ukingo ambako watoto wanatembea kwenda shule. Huko dereva hakutazamii, na lori likijivuta kushoto kidogo tu kukwepa shimo, umekwisha. Usiku, hakikisha taa ya nyuma inawaka. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma, kwa dereva anayekuja kasi, ni giza tu.

Kuhusu usiku, hesabu ni fupi. Taa za chini za magari mengi zinakuonyesha mita 40 hivi. Nimeshawaambia gari la 80 linasimama kwa mita 57. Maana yake mbuzi, au mlevi, au mtoto aliyetumwa dukani, utamgonga kwanza ndipo utakapokuwa umesimama. Kwa hiyo ile 80 iliyoandikwa ni kikomo, hujalazimishwa kuifikia. Usiku bila taa kali, 60 ni nyingi ya kutosha. Na Tezo, Matsangoni, Gede, vituo vyote vya biashara, sheria ni 50, tuta liwepo lisiwepo. Madereva wengi siku hizi wanaheshimu tuta kuliko mtu, kwa sababu tuta linavunja springi.

Wa Ganze na Magarini kwenye barabara za changarawe, kwenu nina neno moja: vumbi. Usiingie kwenye vumbi la mwenzako kumpita. Rudi nyuma mpaka uone, ama subiri upepo ulisukume pembeni.

Na abiria msijitoe. Mimi siku ile nilisukumwa na manung'uniko ya watu waliokuwa nyuma yangu. Dereva akiamua kukaa nyuma ya lori, msimfyonze. Na akipita vibaya mwambieni apunguze, mwambieni kwa sauti, msingoje mshuke ndipo mlalamike.

Naona Mwenyekiti anaangalia saa. Yule kijana wa tuk-tuk ameinua mkono tangu nilipotaja indiketa. Haya, mwanangu, uliza.