Mikeka Iliyotusomesha



Tuliokulia Kivinje na Masoko miaka ya 1980 tunazikumbuka sebule za nyumbani: mkeka wa ukindu wa rangi, vitambaa vya kufuma juu ya viti na redio, picha ya Mwalimu ukutani, na kabati la vyombo ambalo sisi watoto hatukuligusa mpaka aje mgeni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo, kikombe kilichotoka Dar kwa lori kilivuka Rufiji kwa pantoni. Kikifika kizima, alhamdulillahi.

Lakini mikeka na vitambaa vilitoka mikononi mwa mama zetu. Mkeka mmoja ulitandikwa, mwingine uliuzwa, tukapata madaftari na sare. Urembo ule ulikuwa pia akiba ya nyumba.

Leo mikeka ya plastiki imeenea, na wasukaji wanazeeka. Iliyopo hapa ukumbini imesukwa nyumbani, na tutaipiga mnada leo. Msusi atalipwa bei yake kwanza; ziada itasomesha watoto wetu wa sekondari. Hesabu tutazisoma mbele yenu.

Tulisomeshwa kwa mkeka. Tununueni, tuwasomeshe wengine.